Kengele Ambayo Kwaya Yetu Haina

Leo sina pa kuficha uso. Naandika haya nikiwa ndani ya gari langu, na gari liko ndani ya ua wangu mwenyewe. Sijafukuzwa nyumbani. Nimekuja tu kupumua.

Kwa wale hamnijui: mimi ni Baba Ciru, naishi Kitengela, upande wa kuelekea Kisaju, na nina ugonjwa mmoja. Napenda sauti safi. Wenzangu wananunua ploti, wengine wanafuga kuku. Mimi nanunua visanduku.

Kisanduku cha kwanza kinaitwa DAC. Wimbo ukiwa kwenye kompyuta ni nambari tupu, na lazima kuwe na kitu cha kuzigeuza nambari hizo ziwe sauti. Kompyuta ina kigeuzi chake ndani, lakini kimebanwa humo na mambo mengine mia. Changu kinakaa nje, peke yake, kinafanya kazi hiyo moja kwa utulivu. Hicho mke wangu alikivumilia.

Kisanduku cha pili ndicho kimenifikisha hapa. Kinaitwa saa. Hakina mishale wala nambari, kina taa moja ya buluu. Kazi yake ni kukipigia kigeuzi mapigo yaliyo sawasawa, ili kila nambari igeuzwe kwa wakati wake, isiwahi wala isichelewe. (Mama mkwe alipokiona aliuliza kinasema ni saa ngapi. Nikamwambia hakisemi. Akamtazama binti yake kwa huruma.)

Sasa, vitu hivi vinahitaji mahali pazuri, na mahali pazuri katika nyumba yetu ni mahali pamoja tu: kabati la sebuleni. Humo ndimo Mama Ciru alikuwa amepanga vikombe vyake vya harusi. Nikavitia kwenye boksi, taratibu, kimoja kimoja, nikavifunika na gazeti. Alilitazama boksi, kisha akanitazama mimi. Waliooa wanajua maana ya hilo.

Tangu siku hiyo kila jioni nilikuwa namwita.

"Hebu sikia."

"Nasikia."

"Unasikia tofauti?"

"Nasikia ni ule wimbo wa jana."

Nitasema ukweli, iliniuma. Si kwa sababu ya visanduku. Kusikia kitu kizuri peke yako ni upweke wa ajabu. Nilitaka mtu mmoja tu katika hii Kitengela yote akae kwenye kiti changu, afumbe macho, aseme, "Ndiyo, Baba Ciru, hata mimi nimesikia."

Mwishowe Mama Ciru alitoa hukumu. Yeye huimba soprano kwenye kwaya ya kanisa letu, na wimbo wao mpya wa mavuno niliurekodi mimi. Watu watatu wa kamati ya kwaya walikuwa waje leo mchana wausikilize, halafu wale chakula.

"Wao ndio wataamua," aliniambia. "Wakisikia hiyo tofauti ya saa, saa ikae. Wasiposikia, vikombe vyangu vinarudi kwa kabati na hiyo kitu inaenda stoo."

"Sawa," nikasema. (Haraka mno. Sijui nilikimbilia nini.)

Asubuhi nikaanza matayarisho. Sauti nzuri inataka kimya, kwa hiyo nikatafuta kila kitu chenye kelele nikakinyamazisha. Friji inavuma, nikaitoa kwenye plagi. Mbwa wetu Taiga anabweka hata akiona jani linapeperuka, nikamfungia stoo na mfupa mkubwa wa supu. Mapazia yale mazito nikayavuta yote, maana kitambaa hutuliza mwangwi. Madirisha yenyewe niliyaacha wazi kidogo nyuma ya pazia, kwa sababu joto la huku halina utani, na sikutaka kamati izirai kabla ya korasi.

Zikabaki nyaya. Mtandaoni kuna watu wanaapa kwamba nyaya za sauti hazifai kugusa sakafu. Sijui kama ni kweli. Lakini leo ilikuwa siku ya kutobahatisha. Nikatafuta kitu kigumu kidogo, cha kukunja, niziinue nacho. Nikazunguka ua mzima. Mahali pekee palipokuwa na waya mzuri, mnene, usio na kutu, ni kwenye geti.

Nieleze habari ya geti. Kitasa chake kiliachana nalo zamani, na niliahidi kuita fundi wa kuchomelea. Katika kumngoja fundi ambaye sijamwita, geti tunalifunga kwa huo waya. Nikaufungua. Nikalisukuma geti likafungika, nikaegemeza jiwe.

"Baba Ciru," mke wangu akaita kutoka jikoni, "geti umefunga?"

"Nimefunga!"

(Jiwe pia ni kufunga.)

Hapa lazima niwaambie jambo lingine. Chini ya dirisha la sebuleni, Mama Ciru ana sukuma wiki. Si shamba, ni mistari michache tu, lakini kwa ukame huu ameilea kama mtoto njiti. Maji ya kuoshea vyombo huenda huko. Maji ya kuoshea mchele huenda huko. Kwa siku nyingi hakuturuhusu kuchuma hata jani moja, kwa sababu alikuwa anaitunza kwa ajili ya wageni hawa wa leo.

Wageni wakaja. Geti walilifungua wenyewe na kulirudisha wenyewe, na jiwe sijui waliliacha wapi. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Ndirangu, anayefundisha kwaya, mtu wa maneno machache ambaye akiinua kidole kanisa lote linanyamaza. Wa pili alikuwa Mutua, sauti ya besi, ambaye wiki nzima huwa Namanga akihangaikia karatasi za malori na huja nyumbani wikendi. Wa tatu alikuwa jirani yetu Mama Naserian, mweka hazina na nguzo ya alto. Boma lake liko ng'ambo ya ua wetu, na mbuzi wake tunawaona kila siku wakipita kwenye ploti ambazo hazijajengwa.

"Sopa, Mama Naserian," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, Baba Ciru. Mbona nyumba iko na giza hivi? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Ni mambo ya sauti."

"Haya," akasema, akaketi polepole kama mtu aliyeingia chumba cha daktari.

Nikawapanga. Mwalimu nikamweka kwenye kiti changu, katikati, wengine pembeni. Mama Ciru alikuwa jikoni na chapati zake. Nikawaeleza kuhusu nambari na kigeuzi na mapigo. Mutua akauliza kama hiyo saa ina alamu. Nikasema haina. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Mara ya kwanza nikawapigia wimbo bila saa. Wakasikiliza mpaka mwisho. Mwalimu akasema ni sawa. Mutua akasema iko sawa. Mama Naserian akasema, "Tumeimba vizuri, Mungu asifiwe."

"Sasa nawasha saa. Fungeni macho."

Taa ya buluu ikawaka. Wimbo ukaanza. Beti ya kwanza ikapita na mimi nawatazama nyuso. Hakuna kitu. Uso wa Mwalimu ulikuwa uleule. Niliviona vikombe vikitoka kwenye gazeti.

Halafu, kati ya beti na korasi, upande wa kushoto kabisa, mbali kidogo:

*Ting.*

Jamani! Wimbo ule nilikuwa nimeusikiliza mpaka naujua pumzi kwa pumzi. Sikuwahi kusikia hiyo *ting*. Haikuwemo. Nikasimamisha wimbo.

"Mmesikia?"

Mwalimu akafungua jicho moja. "Nimesikia kama kengele."

"Kengele!" nikasema.

"Lakini kwaya yetu haina kengele."

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasimama.

"Mwalimu, siku ile tunarekodi, si milango ya kanisa ilikuwa wazi? Hiyo ni kengele ya lile kanisa la ng'ambo ya barabara. Maikrofoni iliinasa, ikafichwa na uchafu wa sauti, na sasa saa imeifukua!"

Mwalimu akafikiri. "Inawezekana."

"Hata mimi sasa nakumbuka," Mutua akasema. "Ililia siku hiyo."

(Mutua siku hiyo alikuwa Namanga. Nimelikumbuka hilo sasa hivi, hapa garini.)

Nikamgeukia Mama Naserian. Alikuwa amefumbua macho yote mawili, anatazama pazia.

"Mama Naserian, na wewe umeisikia?"

"Nimeisikia," akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo naijua kabisa."

Naijua kabisa! Mnaona? Nilitaka kumkumbatia.

Lakini mimi ni mtu wa haki. Nikasema tuthibitishe. Nikazima saa, nikarudisha wimbo palepale, kati ya beti na korasi. Tukasikiliza, macho yamefumbwa. Kimya. Hakuna kengele. Nikawasha saa, nikarudia palepale.

*Ting. Ting-ting.*

"Ngai!" Mwalimu Ndirangu akasema. Mwalimu! Mtu ambaye hata Krismasi hutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo!

Na si hivyo tu. Safari hii kengele ilianzia kushoto, ikapita katikati, ikaelekea kulia.

"Inatembea," Mutua akanong'ona.

"Hiyo inaitwa upana wa jukwaa," nikamwambia, nikionyesha kwa mkono kama ninayefungua pazia. "Vifaa vya kawaida haviwezi. Vinaweka kila kitu pamoja. Hivi vinakuonyesha kila sauti imesimama wapi."

Mama Naserian akainuka. "Baba Ciru, ningetoka nje kidogo."

"Choo kiko huku ndani, mlango wa pili."

"Si choo."

"Basi keti kidogo tu, Mama, sehemu tamu ndiyo inakuja."

Akaketi. Alianza kufunga na kufungua pochi yake. Nikadhani ni Roho Mtakatifu.

Nikamwita mke wangu. Akaja akiwa na unga mpaka kwenye viwiko, amekunja uso, maana chapati ilikuwa kwenye moto. Nikamwambia asimame hapo hapo, afumbe macho, asikilize kushoto. Akafumba, nadhani kwa sababu ya wageni tu. Wimbo ukapiga.

*Ting-ting.*

Akafumbua macho. Akanitazama vile hajanitazama kwa muda mrefu.

"Baba Ciru."

"Eeh?"

"Nimesikia."

Siwezi kuwaeleza. Nusura nilie mbele ya kamati. Nimeoa mwanamke huyu, nimezaa naye, nimejenga naye hii nyumba, lakini leo ndiyo mara ya kwanza tumesikia kitu kimoja. Akasema tena, polepole, "Ni kama iko hapa hapa ndani." Halafu akasema yale maneno niliyokuwa nayangoja: "Sawa basi. Vikombe vikae tu kwa boksi."

Nikapandisha sauti kwa beti ya mwisho. Nilisimama mbele yao, macho nimefumba, kidole kimoja juu, naongoza. Kila kengele ikilia, nakishusha kidole. Ilikuwa inalia mara nyingi sasa. Nilikuwa namfuata vizuri sana, yeyote aliyekuwa anaipiga.

Na stima ikapotea.

Pap! Taa ya buluu ikazimika. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Sebule ikawa giza na kimya, kile kimya nilichokuwa nimekitengeneza kwa mikono yangu tangu asubuhi.

*Ting.*

Kidole changu bado kilikuwa juu.

*Ting-ting. Ting.*

Halafu, kwa usafi ambao sijawahi kuupata kwenye spika yoyote, nikasikia jani likikatwa. Kwacha. Na mtu akitafuna.

"Stima si imepotea?" Mutua akauliza.

"Imepotea," Mwalimu akasema.

"Sasa hiyo kengele…"

Kule stoo mfupa ulikuwa umeisha. Taiga akaanza kubweka kama aliyelipwa.

Mama Ciru ndiye aliyefungua pazia. Nilitamani asilifungue. Nje ya dirisha, hatua moja kutoka kwa spika ya kushoto, kulikuwa na beberu mweusi mwenye sikio moja jeupe na kengele shingoni. Mdomoni alikuwa na jani la sukuma, linaingia polepole kama karatasi kwenye mashine ya kupiga kopi. Nyuma yake kulikuwa na familia yake yote. Mistari ya sukuma ilikuwa imebaki vijiti.

Yule beberu akatutazama. Tukamtazama. Akameza.

*Ting.*

"Enkai ai!" Mama Naserian akaruka. Akatoka mbio, leso mkononi, akiwapigia mluzi. Wale mbuzi wakamfuata hadi nje kwa adabu kubwa kuliko yangu. Aliporudi hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni.

"Mama Ciru, nisamehe. Hao ni wangu."

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua tangu mlio wa kwanza. Hiyo kengele si nilimfunga mimi mwenyewe?"

"Sasa mbona hukusema?"

Akajifuta jasho na leso. "Baba Ciru, ulikuwa na furaha sana. Na tena mbuzi ni wangu. Ningeanzia wapi?"

Hapo Mutua alishindwa. Alikuwa amejikaza kwa muda mrefu, namhurumia. Alitoa kicheko cha besi kikatikisa vioo vya kabati. Mwalimu alijifanya anakohoa, akakohoa mpaka machozi. Mimi nilijaribu kueleza kwamba hata hivyo, kisayansi, saa ya nje kweli hupunguza… Sikumaliza. Mama Ciru alikuwa ametoka kwenda kutazama geti.

Alirudi bila haraka. Akapita katikati ya wageni, akainama nyuma ya kabati, akafuata nyaya kwa macho, kutoka saa hadi kigeuzi, kutoka kigeuzi hadi spika. Zilikuwa zimeinuliwa kutoka sakafuni, kwa ustadi, na vipande vya waya mnene usio na kutu.

"Baba Ciru."

"Eeh?"

"Hii ni nini?"

Nilitamani kengele ilie tena, atazame dirishani badala ya kunitazama mimi.

Chakula tulikula chapati na maharagwe. Ile chapati iliyokuwa kwenye moto wakati wa kengele nilipewa mimi, upande ulioungua ukiwa juu. Hakuna aliyeitaja sukuma, isipokuwa Mutua, ambaye alisema mbuzi wa Mama Naserian leo wamekula vizuri kuliko kamati. Mama Naserian akasema atalipa kama inavyotakiwa mifugo ikila cha jirani: kesho ataleta miche mipya na samadi, na akichinja, mguu mmoja ni wetu. Mama Ciru akamwambia asijali, mwenye kesi hayuko bomani kwake. Wote wakanitazama.

Stima iliporudi, Mwalimu aliomba tupige wimbo tena, saa ikiwa imezimwa. Nikajua anataka kunifariji. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa, halafu akasema kile kisanduku cha kwanza ni kizuri kwa kweli, kwamba kwa mara ya kwanza amesikia wazi kuwa alto wanachelewa kuingia kwenye korasi. (Mama Naserian alinitazama vibaya. Hiyo sasa ni kesi nyingine.)

"Lakini," Mwalimu akaendelea, "sasa wimbo umekuwa kama unapungukiwa na kitu."

Sote tulikuwa tunakijua kitu hicho.

Kwa hiyo kamati imeamua. Jumamosi ijayo tunarekodi wimbo wa mavuno upya, na kengele ndani. Mama Naserian alisema anaweza kuileta kengele tu. Mwalimu akasema hapana, beberu mwenyewe ana mwendo mzuri, aletwe naye.

Kigeuzi kimebaki kwenye kabati, rafu ya chini. Juu yake kuna vikombe vya harusi, vyote, vimeoshwa na kupangwa. Saa iko stoo na Taiga. Waya uko getini, na fundi wa kuchomelea nimempigia simu nikiwa hapa hapa garini.

Naomba msicheke. Nilitaka tu mtu mmoja asikie ninachosikia mimi. Leo wamesikia wote, na mwimbaji mwenyewe alikuwa dirishani, anakula mshahara wake.